Kulabu, Gunia na Soksi za Hariri: Miaka 120 ya Kazi za Mikono za Grenfell

Mwaka 2026 unatimiza miaka 120 tangu Jessie Luther, mwalimu wa kazi za mikono kutoka Providence, Rhode Island, ashuke melini St. Anthony, kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland. Alikuja na ujuzi wa kufuma nguo kwa kitanda cha mfumi, na nia yake ilikuwa kuwafundisha watu kazi ya kuwaingizia riziki. Alipofika akawakuta akina mama wa pwani ile wana ufundi wao tayari, wa kutengeneza mazulia kwa kulabu na gunia. Ufundi huo wa wenyeji ndio uliokuja kuibeba idara aliyoianzisha, ambayo watu waliizoea kwa jina fupi la Industrial.

Historia ya idara hiyo husimuliwa kwa kawaida kupitia daktari mmoja mashuhuri. Daktari anastahili sifa zake, na nitamtaja. Lakini heshima ya kwanza katika kumbukumbu hii naipeleka kwa wanawake waliokaa mbele ya fremu, kwa sababu bila wao kusingekuwa na cha kukumbuka.

Wilfred Grenfell alizaliwa mwaka 1865 huko Parkgate, karibu na Chester, Uingereza. Alisomea udaktari London Hospital, kisha akajiunga na misheni iliyowahudumia wavuvi wa bahari kuu. Mwaka 1892 alitumwa ng'ambo ya Atlantiki kwa meli iitwayo Albert. Aliingia bandari ya St. John's mji ukiwa bado unafuka moshi, kwa kuwa moto wa Julai 8 mwaka huo ulikuwa umeteketeza sehemu kubwa ya majengo. Kutoka hapo akapanda kaskazini hadi Labrador, na katika msimu ule mmoja akatibu wagonjwa wapatao 900. Mwaka 1893 hospitali ya kwanza ilifunguliwa Battle Harbour, mwaka uliofuata nyingine Indian Harbour, na baadaye St. Anthony ikawa makao makuu.

Tiba peke yake haikutosha, na Grenfell aliliona hilo mapema. Uchumi wa pwani ile ulikuwa wa mali kauli. Majira ya kuchipua tajiri alimkopesha mvuvi unga, chai, sukari guru, chumvi na nyavu; vuli ikifika alichukua samaki kwa bei aliyoipanga mwenyewe, akakata deni, na mara nyingi deni lilibaki. Familia ingeweza kuvua maisha yake yote isishike noti mkononi. Mgonjwa alitibiwa kifua, akarudi kwenye nyumba isiyo na chakula cha kutosha, akaugua tena. Ndiyo maana mwaka 1896 Grenfell alisaidia kuanzisha duka la ushirika Red Bay, na ndiyo maana miaka kumi baadaye alimhitaji mtu kama Jessie Luther.

Kabla ya kufika kwake, tuutazame mwaka wa akina mama wale ulivyokwenda. Uligawanywa na samaki na barafu. Kiangazi, barafu ikishaachia ghuba, wanaume waliingia baharini kuvua chewa wa kaskazini, na kazi yote ya nchi kavu ikawaangukia wanawake: kupasua samaki, kutia chumvi, kuanika juu ya chanja, kugeuza, kukusanya mbio mvua ikitishia, kuanika tena hadi awe ng'onda kavu wa kupelekwa sokoni. Agosti walikwenda kwenye vinamasi kuchuma matunda mwitu ya rangi ya dhahabu, Septemba na Oktoba yale madogo mekundu. Kulikuwa na viazi na kabichi za kung'oa kwenye vishamba vyenye mawe mengi kuliko udongo. Vuli ikiisha meli ziliacha kuja, na barua zikawa zinaletwa kwa sleji za mbwa.

Krismasi ikishapita, yalibaki majuma ambayo samaki hakuwepo, bustani ililala chini ya theluji, na wanaume wengi walikuwa msituni wakikata kuni na kutega wanyama wa manyoya. Februari na Machi ndiyo ilikuwa miezi ya mazulia. Fremu ya mbao ilitolewa ikawekwa jikoni, chumba pekee chenye joto la kweli, na ilipowekwa ilikula nafasi yote, watu wakawa wanapita kwa ubavu.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache. Gunia la unga au la chumvi lilifumuliwa mshono, likafuliwa, likawambwa kwenye fremu mpaka likakaza. Kulabu mara nyingi ilikuwa msumari ulionolewa na kupindwa kidogo nchani, ukachomekwa kwenye kipande cha mti kilichochongwa kikae vizuri kiganjani. Nguo zilizochakaa zilikatwa vipande virefu vyembamba. Mshonaji aliweka mkono mmoja chini ya gunia, ameshika kipande cha nguo; mkono wa juu ukachoma kulabu katikati ya nyuzi, ukanasa kile kipande na kukivuta juu kikawa kitanzi kidogo. Kisha tundu linalofuata, na linalofuata. Hakuna fundo. Vitanzi hukaa kwa sababu vimebanana, kila kimoja kikimzuia mwenzake asichomoke.

Kazi ya namna hii haitaki mtu peke yake. Jirani alikuja na kulabu yake mfukoni, wa pili akafuata, wakakaa pande mbili za fremu moja na kushona wakielekea katikati. Leo kwako, kesho kwangu. Chai ilikuwa jikoni, habari za msimu mzima zilikuwa hazijasimuliwa, na watoto waliokuwa wakikata vitambaa walipewa sehemu ya mbingu au theluji wajaze, kwa kuwa hapo kosa halionekani. Nadhani hii ndiyo sababu ufundi huu ulidumu kuliko mingi iliyoletwa na wageni. Ulikuwa na msimu wake, ulikuwa na mahali pake jikoni, na uliwapa marafiki sababu ya kukaa pamoja wakati wa baridi kali bila kuhesabiwa kuwa wamekaa bure.

Zulia likiisha liliwekwa sakafuni. Katika nyumba nyingi zuri liligeuzwa kifudifudi siku za kazi, likageuzwa juu siku ya Jumapili au mgeni akija. Likichafuka, lilipelekwa nje likapigwa juu ya theluji safi.

Jessie Luther alikuwa na historia yake kabla ya St. Anthony. Alikuwa msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya kazi huko Hull House, Chicago, nyumba maarufu ya Jane Addams, ambako wahamiaji kutoka Ulaya walionyesha jinsi walivyosokota na kufuma makwao. Baadaye alifanya kazi na wagonjwa huko Marblehead, Massachusetts, akitumia kazi za mikono kuwa sehemu ya tiba. Huko ndiko Grenfell alikokutana naye mwaka 1905. Mwaka uliofuata akaja, akafunga vitanda vya mfumi, akajaribu pia ufinyanzi na kazi za mbao. Ufumaji ulikwenda, ila ulidai chombo kikubwa, mahali pake maalumu na mafunzo marefu. Ufinyanzi haukudumu.

Mwaka 1908 mazulia yaliingizwa rasmi katika kazi za idara. Hapa Misheni ilifanya jambo la busara: ilichukua kitu ambacho watu walikwishakijua na kukitafutia soko. Kilichobadilika ni picha. Marekani, tangu miaka ya 1860, Edward Sands Frost wa Biddeford, Maine, alikuwa akiuza magunia yaliyochapwa tayari maua na wanyama, na mifano ya aina hiyo ilienea kote. Luther na Grenfell walitaka zulia la St. Anthony lionekane limetoka St. Anthony. Basi zikachorwa sleji na mbwa wake, dubu weupe juu ya barafu, bata bukini angani, majabali ya barafu yakielea, mashua zikirudi bandarini. Grenfell mwenyewe alichora baadhi.

Utaratibu ulikuwa huu. Ofisini St. Anthony gunia lilichapwa mchoro kwa stensili, vitambaa vikatiwa rangi na kupimwa, vyote vikafungwa kifurushi kimoja na kupelekwa vijijini kwa mashua au kwa sleji. Mama alishona kwake, akarudisha zulia, likakaguliwa, akalipwa. Miaka ya mwanzo malipo mengi yalikuwa nguo zilizotumwa na wafadhili, kwa sababu Misheni haikutaka kugawa nguo bure ilhali kuna kazi ya kufanywa. Walioishi pwani ile walisifu jambo hilo: koti la mtoto lililopatikana kwa kazi ya mikono ya mama yake halikuwa sadaka. Ni kweli pia kwamba mkaguzi mmoja ndiye aliyeamua kazi ipi ni nzuri na ipi ina kasoro, na mshonaji hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Aliyemtoroka tajiri wa samaki alimkuta mnunuzi mwingine mmoja tu, ingawa huyu alikuwa na huruma.

Luther aliondoka mwaka 1915. Mwaka mmoja kabla yake, kazi zote za Grenfell zilikuwa zimekusanywa chini ya chama kimoja kilichosajiliwa, International Grenfell Association, chenye matawi ya wafadhili Marekani, Kanada, Uingereza na Newfoundland. Miaka ya 1920 idara ikawa mikononi mwa Mskoti, Bi. M. A. Pressley-Smith, na chini yake ikafikia kilele.

Siri ya kilele hicho ilikuwa soksi. Sketi za wanawake wa mijini zilikuwa zimepanda, na soksi ndefu za hariri zilikuwa zikionekana, zikivaliwa, zikitatuka na kutupwa kwa wingi. Misheni ikatoa wito kwa wanawake wa Marekani, Kanada na Uingereza: soksi yako ikitatuka, usiitupe, itume Labrador. Mizigo ikaja kwa magunia. Nguo za ndani za hariri na za rayoni zikaja pia. Huko St. Anthony zikatolewa rangi ya zamani, zikatiwa mpya, za buluu nyingi, za kijivu, za kahawia ya mbwa, za waridi hafifu wa machweo juu ya barafu, kisha zikakatwa.

Hariri ilifanya ambalo sufu na pamba havikuweza. Kwa kuwa kipande chake ni chembamba na laini, mshonaji aliweza kujaza kila tundu la gunia, katika mistari iliyonyooka ya mlalo kutoka ukingo hadi ukingo. Wale hodari kabisa walifikia mishono 200 katika inchi moja ya mraba. Ukilitazama zulia kama hilo kwa hatua tatu utadhani limechorwa kwa brashi. Ukisogea ukainama, unaona kwamba mbingu unayoidhani ni ya rangi moja ina buluu nne au tano zilizopangwa mstari kwa mstari, na kwamba mpaka kati ya theluji na mbingu umewekwa na mtu aliyekuwa akiutazama kila siku dirishani. Stensili ilimpa mahali pa kupitisha mstari. Jicho la kujua theluji ya saa tisa alasiri alikuwa nalo tangu utotoni.

Inafaa pia kufikiria vitu vilivyokutana katika zulia moja. Gunia lilikuwa la juti, zao la Bengal. Hariri ilitoka kwa wakulima wa Japani, ikafumwa soksi Marekani, ikavaliwa Boston au Toronto, kisha ikasafiri hadi kijiji chenye nyumba kumi na mbili ili iwe manyoya ya mbwa wa sleji. Likiisha, zulia liliondoka na meli ya kwanza ya kiangazi kwenda kuuzwa katika maduka ya Misheni New York na Philadelphia na katika hoteli za mapumziko za New England. Huenda mwanamke fulani alinunua soksi zake mwenyewe bila kujua.

Idara haikuishi kwa mazulia tu. Mwaka 1923 Walter Haythornthwaite wa Burnley, Uingereza, alitengeneza kitambaa chepesi cha pamba kisichopitisha upepo, kwa kuwa Grenfell alilalamika kwamba hana vazi la kufaa safari za baridi. Kitambaa kikaitwa kwa jina la daktari, na makoti yaliyoshonwa nacho St. Anthony yakatariziwa shingoni na mikononi. Kulikuwa pia na uchongaji wa pembe za ndovu wa baharini. Lakini ukiwauliza wanaokusanya kazi za Grenfell leo, watakutajia mazulia kwanza.

Mwaka 1930 aliwasili Rhoda Dawson, msanii kutoka London, mtoto wa wasanii wawili, Nelson na Edith Dawson. Alichora kwa namna mpya: chanja za kuanikia samaki zikawa mistari na vivuli, vijiji vikawa maumbo ya pembe. Ninamthamini Dawson kwa jambo jingine zaidi. Alizunguka vijijini, akayatazama mazulia ambayo wanawake waliyabuni wenyewe, yasiyo na stensili ya ofisi, na mwaka 1938 akaandika juu yake katika jarida la Misheni, *Among the Deep Sea Fishers*, akiyahesabu kuwa sanaa ya watu. Wengi wa wakubwa wa idara waliyaona mazulia hayo kuwa kazi ya kurekebishwa. Dawson aliyaona kuwa kazi ya kuhifadhiwa, na naamini historia imempa haki.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipunguza wanunuzi. Grenfell, aliyepewa cheo cha Sir mwaka 1927 wakati hospitali mpya ya zege ilipofunguliwa St. Anthony, alifiwa na mkewe Anne mwaka 1938, naye akafariki Vermont Oktoba 9, 1940. Mei mwaka huohuo soksi za nailoni zilikuwa zimeanza kuuzwa Marekani nzima. Mwaka 1941 biashara ya hariri ya Japani na Marekani ikakatika, vita vikaingia. Nailoni ilikuwa ngumu kutia rangi kwa njia walizozizoea. Enzi ya soksi za hariri ikaisha, miaka isiyozidi ishirini tangu ianze.

Kazi iliendelea kwa vifaa vingine na kwa kiwango kidogo. Machi 31, 1949, Newfoundland ikajiunga na Kanada, zikaja posho za watoto na pensheni za wazee, na pesa taslimu zikafika katika nyumba ambazo hazikuwahi kuzijua vizuri. Mwaka 1981 huduma za afya za Misheni zilikabidhiwa serikali ya jimbo. Chama chenyewe hakikufa. Mpaka leo kinatoa misaada ya masomo na ruzuku kwa watu wa kaskazini mwa Newfoundland na pwani ya Labrador.

Kuna ukurasa wa taasisi hii usiofaa kurukwa katika makala ya kumbukumbu. Chama cha Grenfell kiliendesha pia shule za bweni, na watoto wa jamii za asili za Wainuit, Wainnu na NunatuKavut waliopelekwa huko walitengwa na wazazi wao, lugha zao na mila zao, na wengine walitendewa vibaya. Novemba 24, 2017, Waziri Mkuu wa Kanada, Justin Trudeau, alikwenda Happy Valley-Goose Bay kuwaomba radhi waliosoma katika shule za bweni za jimbo hilo, zikiwemo za chama hiki. Mkono uliolipa kazi ya mama kwa haki ndio huohuo ulioondoa watoto katika nyumba nyingine. Anayeadhimisha miaka 120 ayabebe yote mawili.

Leo St. Anthony ina kituo cha historia ya Grenfell, nyumba yake imekuwa makumbusho, na kazi za mikono bado zinauzwa humo, makoti na mazulia. Katika jimbo zima kuna chama cha washona mazulia, na marafiki hukutana majumbani na kwenye kumbi za makanisa na kulabu zao. Msimu umelegea: siku hizi mtu hushona hata Julai, kwa kuwa uvuvi wa chewa ulisimamishwa Julai 2, 1992, na chanja zilizowahi kuwashughulisha mama zao kutwa hazipo tena katika vijiji vingi. Wengi hutumia sufu, na wengine wamehamia kwenye sindano yenye tundu, ambayo uzi hupita ndani yake na mshonaji huchoma kutoka nyuma, vitanzi vikijipanga upande wa pili vikiwa na urefu mmoja. Chombo hicho si cha jana. Ebenezer Ross wa Toledo, Ohio, alipata hataza ya aina yake mwaka 1881. Ni cha haraka, na mwanafunzi hukishika kwa mchana mmoja. Kwa maoni yangu kulabu bado inakizidi kwa jambo moja: mshonaji anaiona picha wakati anaivuta juu.

Mazulia ya zamani ya hariri sasa yako katika makumbusho ya Kanada na Marekani, na kwenye minada yaliyo makubwa hupata maelfu ya dola. Nyuma yake kuna lebo ya kitambaa yenye jina la Grenfell na maneno kwamba yametengenezwa kwa mkono Newfoundland na Labrador. Jina la mwenye mkono huo kwa kawaida halimo. Katika vijiji vya pwani wapo bado watoto na wajukuu wanaoweza kulitazama zulia na kusema hili ni la nyanya, nalijua kwa mbingu yake, lakini kila mwaka wanapungua. Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji wa maadhimisho haya ni moja: kabla ya hotuba na keki, pelekeni picha za mazulia vijijini, muulize nani alishona lipi, na mwandike majina hayo kwenye kadi za makumbusho. Nawe msomaji unayeongoza kikundi cha kazi za mikono, popote ulipo, lebo ya kikundi chako inayo nafasi ya jina la fundi. Ijaze sasa fundi angali hai.